Kucha Zangu na Maji ya Kufulia

Nilipoanza kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Diani, nilikuwa nimeolewa majuzi tu. Hina ya harusi ilikuwa imekwisha kutoka kwenye viganja na nyayo, lakini kwenye kucha ilikuwa bado imeshika, nyekundu iliyokolea, kwa sababu hina ikiingia ukuchani haitoki mpaka ukucha wenyewe ukue, ukatwe. Yangu haikungoja kukatwa. Ilitoka vipande vipande ndani ya sinki, pamoja na kucha zenyewe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na hoteli zilikuwa zimejaa. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, mbali na macho ya wageni. Mashuka yalikwenda kwenye mashine, lakini vitambaa vya meza vyenye madoa ya divai, kola za mashati na taulo zilizoloa mafuta ya kujikinga na jua tulivisugua kwa mikono ndani ya sinki la saruji. Maji yalikuwa na sabuni ya unga na klorini, na harufu yake nililala nayo. Mkono uliingia majini, ukatoka kukunja mashuka makavu yaliyotoka kwenye joto, ukarudi tena majini. Hivyo ndivyo siku ilivyokwenda mpaka jioni.

Kwanza ncha za kucha zikawa nyeupe kama chaki. Halafu zikaanza kuchanika, si kwa kukatika, bali kwa kubanduka tabaka juu ya tabaka, kama ganda la kitunguu. Tabaka la juu likiinuka lilinasa kwenye nyuzi za taulo, nami nikivuta taulo lilivutika pamoja nayo mpaka kwenye nyama. Nikajizoesha kuyang'oa matabaka hayo kwa meno. Nilidhani nikiliondoa lile lililobanduka, lililo chini litatoka zima. Kila nilipoling'oa, lililo chini lilikuwa jembamba zaidi.

Niliyefanya naye kazi sinki moja alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, ambaye wazazi wake walihamia huku zamani wakapewa shamba la kulima. Alizaliwa huku huku, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kwao.

"Ebu lete mkono," aliniambia siku moja. Akauweka karibu na wake. Kucha zake zilikuwa vile vile, zimeliwa mpaka nusu. "Si tunafanana kama mapacha? Hii kazi itatumaliza, dada."

Glavu tuliletewa mara moja. Zilikuwa za mpira, kubwa kupita mikono yetu. Maji yaliingia kwa juu, yakakaa humo ndani pamoja na jasho, na tulipozivua vidole vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya maiti aliyetolewa baharini. Zilipotoboka hatukuletewa nyingine. Mimi nilileta mafuta ya nazi kutoka nyumbani, yeye akaleta mafuta ya kupikia, na saa ya chakula cha mchana tulipakana, tukachekana, kisha tukarudi kwenye sabuni iliyoyaondoa yote.

Mwaka uliofuata, vurugu zilianza Likoni zikaenea huku kwetu. Watu wa bara waliambiwa waende kwao. Wengine hawakuambiwa chochote, walichomewa tu. Rafiki yangu hakuja kazini. Siku ya tatu nilisikia kwamba yuko na wenzake kwenye uwanja wa kanisa, wanalala nje. Nilikwenda na buibui langu, na nilipoingia uwanjani watu waligeuka wakanitazama. Sikuwalaumu. Yeye alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, watoto wawili pembeni yake.

"Umekujaje huku wewe?" aliniuliza. "Watakusema."

"Waache waseme. Umeumia?"

"Sijaumia. Nyumba imeenda. Mahindi, mbuzi, vitabu vya watoto." Akatazama chini. "Mwenye alikuwa na panga namjua. Kila asubuhi tunasalimiana."

 Nilikuwa nimemletea leso mbili na chupa ya mafuta ya nazi. Aliifungua ile chupa, akamimina kidogo kiganjani, akaanza kupaka vidole taratibu, kimoja kimoja, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Halafu akacheka, kicheko kibaya kisichokuwa na sauti.

"Sasa zitapona," alisema. "Sina pa kufulia tena."

Lori lilikuja kuwachukua siku hiyo hiyo. Nilisikia alifika bara salama. Sikumwona tena.

Wageni wakaacha kuja. Hoteli ilifunga vyumba upande mmoja, kisha upande wa pili, na wafanyakazi wengi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Mimi sikuachishwa. Nilibakishwa nifanye kazi ya watu watatu, nifue, nioshe masufuria, nideki. Mashine kubwa iliharibika, na hakuna aliyeitwa kuitengeneza. Kisha zikaja zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka, zilizokata barabara na kuangusha vyoo, na hapakuwa na kitu kilichokauka, si nguo, si kuni, si mikono yangu. Ngozi ya kwenye mzizi wa ukucha wa gumba la kushoto ikavimba, ikawa nyekundu, ikaanza kutoa usaha kidogo nikiibonyeza. Ukucha wenyewe ukageuka rangi, ukawa wa kijani chafu, ukainuka kutoka kwenye nyama.

Tulikuwa tunakaa kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, katika kijiji kilicho kati ya Ukunda na Msambweni. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Ua wake ulifagiwa mara mbili kwa siku. Jioni moja nilikuwa nimekaa jikoni na nazi iliyokunwa, nimeanza kukamua tui, akaingia akaniona mkono.

"Acha," alisema. "Nitakamua mwenyewe."

"Mama, nimenawa."

"Nimekuambia acha."

Aliimwaga nazi yote nje, kwa kuku, akakuna nyingine.  Kuanzia jioni ile sahani yangu na kikombe changu viliwekwa kando, juu ya dirisha. Wifi yangu alikuja kututembelea na mwanawe mchanga. Nilipomnyooshea mikono nimbebe, alimhamishia bega la pili, akajifanya anamfunga vizuri.

Mavyaa aliogopa ukoma. Watu wa umri wake wa huku Msambweni waliikumbuka kambi ya wakoma ya zamani, na wengine walikuwa na ndugu waliopelekwa huko wasirudi. Vijana waliogopa kitu kingine. Bombani nilikuta wanawake wameshika ndoo, na mmoja akanyamaza katikati ya neno. Siku zile ule ugonjwa hatukuutaja kwa jina lake. Tulisema ugonjwa huu wa siku hizi, na kila aliyekonda au kutoka vipele tulimhesabu. Mimi sikukonda, lakini nilifanya kazi hotelini, na kwa watu wengi hilo lilitosha.

Mavyaa alinitibu kwa alivyojua. Kila asubuhi na jioni nilitumbukiza mikono katika maji ya moto yenye chumvi, ndimu na jivu, nikaiacha humo mpaka yapoe. Alisimama karibu kuhakikisha siitoi mapema. Nilikuwa nikiuma upindo wa leso nisilie. Baada ya wiki kadhaa kucha tatu zaidi zilikuwa zimeinuka, na nyufa zilikuwa zimepasuka pembeni mwa vidole.

Mume wangu alikuwa mlinzi katika nyumba moja ya kifahari ufuoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nilimpenda kwa hilo. Siku hizo unyamavu wake ulibadilika. Alikaa kizingitini akinitazama nikihangaika kufunga vifungo vya nguo yangu, kwa sababu bila ncha za kucha hata kifungo ni kazi.

"Twende hospitali," alisema mwishowe. "Ukapimwe damu."

"Damu? Kinachoniuma ni kucha."

"Watu wanasema."

"Na wewe unasema nini?"

Akainuka akatoka.

Tulikwenda. Daktari aliyetuona alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya upole lakini anaongea haraka kwa sababu ya foleni. Aliishika mikono yangu yote miwili bila kusita. Ilikuwa muda mrefu mtu hajanishika hivyo, na machozi yalinitoka kabla hajaniuliza swali.

"Unafanya kazi gani?"

"Nafua, hotelini."

"Na nyumbani unaitibu vipi?"

Nilimweleza kuhusu maji ya moto. Alitikisa kichwa. Akanivuta kope la chini kuangalia kama nina damu ya kutosha, akasema ni kidogo, nile mboga za majani, kunde na samaki, na atanipa vidonge. Kisha akanieleza, na nakumbuka kwa sababu hakuna aliyekuwa amenieleza kabla.

Alisema ukucha si kipande kimoja. Ni matabaka membamba sana ya kitu kigumu, aina moja na nywele na kwato, yaliyolaliana na kushikana, na mafuta kidogo humo ndani yanayoufanya uwe laini usipasuke. Ukucha hunywa maji upesi kuliko ngozi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Ukivimba na kusinyaa kutwa nzima, siku nenda siku rudi, matabaka yanaachana. Sabuni kali na klorini huyaondoa yale mafuta, na hapo hakuna kinachoyashikanisha tena. Gumba langu lilikuwa na jambo la pili juu ya hilo: ngozi inayoziba mzizi wa ukucha ilikuwa imefunguka kwa unyevu, na fangasi wameingia.

"Kwa hiyo si ukoma?" niliuliza.

"Si ukoma. Mkoma hupoteza hisia. Wewe unahisi?"

"Nahisi kila kitu."

"Basi. Maji ya moto acha leo hii. Zikate fupi, zisibaki ncha za kunasa. Ukilainisha kwa tupa ya kucha, sugua kuelekea upande mmoja tu, usiende mbele na nyuma kama msumeno. Lililobanduka likate, usiling'oe, na meno yako yaweke mbali. Ngozi ya mzizi usiikate wala usiisukume, ndiyo mlango. Ukinawa kausha vizuri, hata katikati ya vidole, ndipo upake mafuta. Ya nazi yanafaa. Na kazini vaa glavu za mpira, ndani yake vaa za pamba za kunyonya jasho. Ukucha uliokwisha haribika haufufuki. Unangoja mwingine ukue kutoka chini, na hilo ni jambo la nusu mwaka."

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango. "Na damu?" aliuliza.

Daktari alimgeukia. "Kucha zinazobanduka kwa sababu ya maji hazina habari na ugonjwa unaoufikiria," alisema. "Lakini mkitaka kupimwa, ni jambo jema. Mpimwe wote wawili."

"Mimi siumwi."

"Na yeye haumwi ugonjwa huo, kwa ninavyomwona. Lakini umemleta."

Mume wangu alisema anakwenda kununua sigara. Nilimngoja, foleni ikanisukuma, nikatoa damu peke yangu. Niliporudi kupata majibu niliambiwa sina ugonjwa. Nilimwambia mume wangu jioni ile, nikiwa nimesimama, yeye amekaa kitandani anafungua viatu.

"Alhamdulillahi," alisema. Hakuinua uso.

"Na wewe utakwenda lini?"

"Nimekwambia siumwi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Sikujua ni nani, wala tangu lini, ila nilifahamu kwamba hofu iliyokuwa ndani ya nyumba ile haikutoka kwenye vidole vyangu. Nilimwambia sitalala naye mpaka apimwe. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alichukua mto wake, akaanza kulala Ukunda siku nyingi kuliko alizolala kwetu. Mavyaa aliniuliza nimemfanya nini mwanawe. Nilimjibu aende akamuulize yeye.

Niliyafuata maneno ya daktari kama mtu anayefuata dawa ya moyo. Glavu za pamba sikuzipata, nikashona mwenyewe kutoka fulana iliyochakaa, jozi tatu, nikibadilisha kila zilipolowa jasho. Msimamizi wa hoteli aliniuliza kama nakwenda kufanya upasuaji. Nilikata kucha zikawa fupi kama za mtoto. Ilichukua miezi. Kwanza pembezoni mwa mzizi ikaonekana sehemu laini, ya waridi, ikapanda polepole kama mwezi unaojaa, ikiisukuma ile iliyooza mbele yake. Kilipobaki kipande cha mwisho cha kijani kwenye gumba nilikikata, nikakitupa chooni. Hoteli ikafunga kabisa muda mfupi baada ya hapo, na sote tuliobaki tukarudi nyumbani.

Mwaka wa tisini na tisa mume wangu aliletwa na rafiki zake wawili, wakimshika huku na huku. Alikuwa amekwisha. Mwanamke aliyekuwa akilala kwake Ukunda alikuwa amekufa miezi kabla, hilo tulilisikia baadaye. Mavyaa alimtandikia chumba cha mbele. Mama yangu alituma ujumbe nirudi kwetu, na nilikuwa na haki ya kurudi. Nilibaki. Sijui hata leo kama ilikuwa huruma, au ni kwamba sikuwa tayari kumwachia mtu mwingine amwone alivyo.

Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha uji. Nilijua kuvaa glavu kuliko muuguzi yeyote. Ngozi ilimwasha, akawa anajikuna mpaka anatoka damu, kwa hiyo kucha zake hazikutakiwa kukua. Zilikuwa zimekuwa nene, kavu, zenye mistari, na mkasi ukiziingia ghafla zilipasuka. Kila Ijumaa asubuhi niliziloweka kidogo tu katika maji ya vuguvugu, nikakausha, nikazikata kwa mstari mnyoofu, kidogo kidogo, kisha nikalainisha ncha kwa upande mmoja na kupaka mafuta.

Ijumaa moja alikuwa na nafuu. Alinitazama nikifanya, mkono wake umelala juu ya goti langu.

"Zako zimepona," alisema.

"Zimepona."

 Nikamaliza mkono mmoja, nikachukua wa pili.

"Nilijua si wewe," alisema. "Siku ile hospitalini. Nilijua."

 Nilitaka kuutupa mkono ule. Nilitaka kumuuliza kama alijua pia wakati sahani yangu ilipokuwa inawekwa dirishani, wakati mama yake alipokuwa akiichemsha mikono yangu. Lakini alikuwa amefumba macho, na mkono ulikuwa mwepesi kama wa ndege. Nikaendelea kukata. Nilipoinua kichwa, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, na kwa jinsi alivyoshika lile bakuli nilijua amesikia.

Mume wangu alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani. Siku ya pili ya matanga ua ulijaa wanawake. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mkeka, nimefunikwa, lakini mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia jirani mmoja akisema kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini kwamba afadhali tusile mkate uliokandwa nyumba hii, mkwe ndiye aliyekuja na ugonjwa kutoka mahotelini, vidole vyake kila mtu aliviona.

Mavyaa alikuwa akigawa chai. Aliweka birika chini.

"Mtoto huyu hana kitu," alisema. "Amepimwa. Mwanangu ndiye aliyekuwa na ukimwi. Mwanangu, niliyemzaa mimi."

Alilitaja jina lenyewe, mbele ya watu, ndani ya matanga. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu yeyote wa kijiji kile akifanya hivyo kwa mtu wake.  Baadaye nilisikia ndara zikikokotwa kuelekea njiani, jozi baada ya jozi.

Mavyaa hakuwahi kuniomba radhi kwa yaliyopita, na mimi sikumdai. Nilikaa eda nyumbani kwake, nikapimwa tena baada yake, nikaambiwa vile vile kwamba niko salama. Lakini maneno yale ya matanga yeye aliyalipia. Alikuwa akikaanga mahamri kila asubuhi na kuyauza mlangoni, kazi iliyomlea tangu alipofiwa na mumewe. Wateja walianza kupita upande wa pili wa njia. Wengine walisalimia kwa adabu, "Shikamoo mama," wakaongeza mwendo. Hakupunguza unga. Alisema akipunguza watadhani amekubali kwamba chakula chake kina ugonjwa.

Siku niliyoondoka kurudi kwetu aliamka mapema akakaanga kama kawaida yake. Nilikula mawili kwa chai ya rangi, tumekaa pamoja kwenye mkeka mmoja, akanifungia mengine kwenye kitambaa kwa ajili ya mama yangu. Jua lilikuwa limeshapanda na watu walikuwa wanapita kwenda mashambani. Beseni la mahamri pale mlangoni lilikuwa bado limejaa.